Baba Alitema Hasira Kwanza

Voi, 9 Machi 2025
Mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Mwanda

Mdogo wangu mpendwa Reuben,

Nakusalimu, nikiomba barua hii ikukute mzima na mvua iwe imeyafikia mahindi yako. Mimi sijambo, ila magoti hayanitii.

Umeniandikia kwamba nirudi, kwamba kanisa limenisamehe ile siku niliyosimama kwenye mazishi ya mama nikamwuliza Mungu sababu. Wasema mwanao Sylus naye alikufa kwa kuwa Mungu alimtaka, na mtu mtiifu haulizi. Ndugu yangu, nabii wenu alisema tembe za kifafa ni upungufu wa imani, nawe ukazitupa chooni. Mtoto akaanguka motoni, peke yake jikoni.

Unakumbuka baba alivyokuwa akitasa? Alijaza maji kinywani, akayapuliza nje, akataja hasira zake zote, hata aliyokuwa nayo kwa Mungu mwenyewe. Ndipo akaomba. Alitwambia anayeombea watu huku ameficha hasira moyoni, huwalaani. Wewe ulimzika Sylus ukitabasamu na kuimba. Nilikuja kwa mazishi tu, nikakutazama nikaogopa.

Nami nimetasa, hapa uani, majirani wakicheka kwamba mzee amepoteza mswaki. Nilimwambia Mungu ametuonea. Nilimwuliza alikuwa wapi. Kisha nikanyamaza nimsikilize, maana mazungumzo si ya mmoja. Habari ya Sylus hakunieleza. Lililonijia ni swali: na dadake Shanice je?

Sasa nikwambie. Mkeo Dinah hakwenda Ronge kwa mamake kama alivyokuaga. Yeye na Shanice wako kwangu. Amenisimulia kwamba msichana ameanza kuanguka kama kakake, nawe ukamwekea mkono kichwani, ukamkataza mamake asitafute daktari. Nimempeleka hospitali mimi mwenyewe. Anameza tembe asubuhi na jioni, na jana alinitania kwamba nakoroma kuliko treni ya mizigo.

Njoo uwaone, bila nabii. Njoo na hasira yako yote. Nitukane mimi, kisha umgeukie Mungu umwambie yale uliyoyameza ukiimba pale kaburini. Atakuvumilia, mimi amenivumilia.

Dinah anakusalimu. Shanice anauliza kama mbuzi wake amezaa.

Mwanda sitarudi, Reuben, na mtoto sitamrudisha.

Ni mimi kaka yako,
Donald