Leseni ya Shemeji Ilunga

Jumanne, tarehe 3 mwezi wa sita
Soko ya Kashikishi tangu asubuhi. Magunia ya chisense, samaki zile ndogo kavu, yamefungwa; kamio ya kubeba mizigo haijafika. Dereva ni Ilunga, mudogo wa bwana yangu. Kamio ni ya patro wake, tajiri anayemulipa. Alifika jua kali, ananuka lutuku, pombe kali ile. Akatema mate karibu na samaki zetu, akacheka. Nikapanda kabini. Kila safari vile vile. Nimechoka na harufu ya kinywa chake.

Alhamisi, tarehe 5
Tuliuza Mansa, tukarudi. Njiani, pale Mwense, akasimama kunywa tena. Karibu kufika Kashikishi aligonga mutu wa baiskeli. Nilimuona. Muzee, koti la buluu. Nikapiga kelele: "Simama!" Akasema, "Shemeji, ni mbuzi." Akakanyaga mafuta. Mbele kidogo alishuka, akaosha bampa kwa maji yetu ya kunywa. Akajifuta mikono kwa shati. Halafu akaomba muhogo wangu, akatafuna. Akatafuna! Nilitapika kando ya barabara.

Ijumaa, tarehe 6
Nilienda hospitali kuuliza. Muzee ni muzima. Muguu umevunjika vibaya. Ni muvuvi wa Kilwa ya Kongo, alivuka ziwa kuja kuuza samaki. Nje ya hospitali muke wake anapika uji kwenye mbabula ya makala. Hawajui ni gari gani. Nilimusalimia tu. Kutoka pale nikaenda polisi, nikasema yote. Polisi akauliza, "Huyo ni ndugu yako?"
"Ni shemeji yangu. Andika."

Siku ya Mungu, tarehe 8
Baada ya ibada ukoo wote ulijaa kwetu, hapa kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Wanaogopa Ilunga atanyang'anywa leseni. Leseni, leseni, leseni. Hakuna aliyeuliza habari ya muguu. Patro ametuma neno: tuseme breki zilikatika. Mama mukwe ananiita nyoka. Bwana yangu: "Ungenyamaza."
Kinyaa. Nimetandika mukeka wangu peke yangu.

Jumanne, tarehe 24
Koti, mbele ya hakimu. Patro hakuonekana. Ilunga alikubali makosa. Hakimu akasema pombe peke yake ingetosha kumunyang'anya leseni, lakini kukimbia ni kubaya zaidi. "Kugonga kunaweza kumupata dereva yeyote. Kukimbia ulichagua." Jela hapana. Leseni ya magari makubwa imekwenda, kwa miaka. Akiitaka tena, aanze mitihani upya. Ilunga alilia juu ya watoto wake. Watoto wake tu. Muke wa muzee alikuwa amekaa nyuma yake pale pale. Machozi yale yalinichukiza kuliko lutuku.

Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa saba
Ilunga alikuja kulima na bwana yangu. Niliweka bukari ya unga wa muhogo na samaki. Kukaa naye kwenye sahani moja bado kunanitia kinyaa. Alikula bila kuniangalia. Katikati akauliza, polepole:
"Yule muzee anatembea?"
"Bado."
Akaacha kula. Akanawa mikono, akachukua jembe, akarudi shambani.
Nilikusanya sahani.