Gunia la Mwatumu

Jumanne, 3 Agosti 1954

Bwawa la klabu ya Wazungu limebaki kidogo. Leo lipu ya chini — futi tatu upande wa watoto, futi tisa upande wa kurukia. Nimemwaga ndoo kujaribu mteremko. Maji yamekwenda yenyewe mpaka kwenye tundu la kutolea. Raha! Tundu nimeliziba kwa gunia saruji isiingie, kama tufanyavyo waashi wote. Ni lile alilonishonea dada yangu Mwatumu la kupigia magoti, limeshachakaa. Kombo mumewe, kibarua mwenzangu, anacheka: tunawajengea bwawa, wenyewe hata ngazi yake hatutaikanyaga.

Jumatano, 11 Agosti

Limejaa. Buluu! Maji yanayofurika yanaingia kwenye mfereji wa pembeni, sawasawa. Wavu wa chuma wa kufunika tundu haujafika. Msimamizi kajaza hivyo hivyo, ana haraka.

Jumatatu, 16 Agosti

Inna lillahi.

Asubuhi ufa umeonekana chini ya ngazi. Msimamizi akataka maji yatolewe. Koki ya bomba la kutolea ikafunguliwa — hata tone halikutoka. Nikajua papo hapo. Gunia! Sikulitoa. Nikasema labda koki ni mbovu. Mimi, kwa mdomo wangu.

Kombo akavua shati. 'Nipisheni, yakhe. Mie Mpemba, n'tashindwa na birika hili?'

Koki iko wazi. Neno moja tu, fungeni kwanza. Lakini ningeulizwa nimejuaje. Akazama, akalivuta, maji yakaufyonza mkono wake tunduni hadi begani. Tulipofunga koki alikuwa hapapatiki tena.

Jumanne, 17 Agosti

Tumemzika. Msimamizi anasema ni kiherehere chake mwenyewe. Nimeitikia kwa kichwa. Nina aibu, Mola wangu.

Alhamisi, 19 Agosti

Khitma imekwisha, watu wametawanyika. Naandika barazani kwa Mwatumu, maana kwangu sikai, silali.

Mtu wa klabu kaleta vitu vya marehemu. Shati, makubadhi, na gunia, bado bichi. Wamedhani ni lake! Nimeviingiza ndani mwenyewe, Mwatumu yumo edani, hatoki. Ningeweza kulitupa kwanza. Sikuthubutu.

Mlango uko wazi nusu. Namwona kitandani, gunia mapajani. Shati hakuligusa. Anapitisha kidole kwenye uzi mwekundu, uzi wake, pindo kwa pindo.

'Kaka.'

Nimejifanya sisikii.

'Kaka, hebu njoo. Hili si nilikushonea wewe?'

Hajapandisha sauti. Ananiita mara ya tatu sasa, na mimi bado naandika.