Siku Niliyolia Wakadhani Naigiza

Mwalimu Basili, shikamoo.

Najua hutaitikia, ila sijawahi kuongea na wewe bila kuanza hivyo. Ni mimi, Martina wa Endasak, yule uliyenikamata darasa la tano nikimwigiza mwalimu mkuu anavyokohoa. Ukanipeleka ofisini, ukafunga mlango, nikajua viboko vimefika. Ukasema, "Rudia tena, ila taratibu." Tangu hapo ukawa unanichukua kwenye harusi ulizosherehesha na lile koti lako, Katesh mpaka Dongobesh, nami nikawa mchekeshaji.

Umeondoka huu mwaka wa pili, na sikukuandikia kwa aibu. Sikuja kukuzika. Leo nataka nikueleze ilivyokuwa.

Niliposaini mkataba wa televisheni kule Dar, ulicheka mpaka miwani ikadondoka. Wakanipa jina la Bi Gunia: mwanamke mnene kutoka milimani, anakula kila kitu na Kiswahili chake chote kimepinda. Watu walinipenda. Nikienda sokoni naombwa picha kabla sijachagua nyanya. Wewe ulikuwa unanitazama hapo sebuleni kwako huku umezima sauti, unasema mchekeshaji mzuri hata kiziwi anamwelewa. Halafu siku moja ukanipigia. "Martina, unachekesha. Lakini wewe mwenyewe mbona hucheki?"

Nikakujibu ni uchovu. Ukweli ni kwamba mkataba ulisema nisipungue mwili, nisibadilishe nywele bila ruhusa, nisipande jukwaa lingine lolote. Hata harusi ya mdogo wangu nilikaa kimya kama mgeni, nimekatazwa kushika maiki.

Taarifa ya kifo chako ilinikuta napakwa poda. Mkeo, Mama Elizabeti, ndiye aliyepiga simu. Alisema uliacha dawa za presha kwa sababu ulijisikia mzima. Basi. Nikaomba siku tatu. Prodyuza akauliza, "Marehemu ni baba yako?" Nikasema hapana. "Basi tumalize kwanza kurekodi." Na mimi, Mwalimu, nikakubali. Simsingizii yeye. Mlango ulikuwa wazi na miguu ilikuwa yangu.

Siku uliyozikwa, kipindi chetu kilikuwa cha msiba. Bi Gunia anakwenda kwenye msiba wa mtu asiyemjua, anafuata pilau, halafu analia kuliko wafiwa wenyewe. Waliweka jeneza tupu katikati. Kilio cha kwanza nilikitoa kama tulivyofanya mazoezi. Cha pili kilitoka chenyewe. Nikalikumbatia lile jeneza nikaita, "Mwalimu Basili! Mwalimu Basili!" na sikuweza kunyamaza. Wapiga kamera walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamsikia mwongozaji akisema, "Hapo hapo, usikate!"

Kilirushwa hivyo hivyo. Hakuna kipindi changu kilichopendwa kama kile. Mpaka leo watu wananionyesha kwenye simu zao, na jina lako linasikika kabisa. Wanadhani ni la kutunga.

Wiki ileile nikaanguka bafuni. Hospitalini, muuguzi alipiga picha na mimi kwanza ndipo akanifunga mashine ya presha. Akaangalia, akaacha kutabasamu, akaenda kumwita daktari. Yule mama daktari alinitazama usoni. "Watu wa presha kama hii huwa naletewa wamebebwa. Wewe umekuja unatembea. Punguza mwili, na dawa usiache hata siku moja."

Nikampelekea prodyuza maneno hayo. Akauliza, "Sasa ukipungua, watu watacheka nini?" Hakuwa na ubaya, aliuliza kama fundi anayeuliza vipimo vya dirisha. Nikamwambia sijui. Mkataba ulipoisha sikusaini mwingine.

Nikarudi nyumbani. Kila asubuhi natembea kuelekea Gendabi, mlima ukiwa bado umejifunika ukungu. Wiki za kwanza vijana wa bodaboda walikuwa wanasimama, wakinionea huruma. Siku hizi wananisalimia tu wanapita. Hujui raha ya kupitwa, Mwalimu! Presha imeshuka. Magauni yangu ya televisheni Mama Elizabeti ameyapunguza, na moja limetoa magauni mawili.

Lakini kuna jambo lilinichoma. Binti mmoja wa Hirbadaw, Neema, alinifuata baada ya ibada. "Shikamoo dada. Shuleni nikiongea wananiita Bi Gunia. Siku hizi sinyooshi mkono darasani." Lafudhi yetu, ile niliyonyonya kwa mama, mimi ndiye niliyeifanya takataka ya kuchekwa. Nikamwomba msamaha palepale, watu wanaona. Nikamwuliza kama naweza kuja shuleni kwao. Akafikiri kidogo. "Uje, ila uongee kama unavyoongea sasa."

Nilikwenda. Niliwaigiza watu wa Dar wakijaribu kutamka majina ya vijiji vyetu, ulimi unawateleza, mate yanaruka. Wanafunzi waligaragara. Na Neema alinyoosha mkono, akasimama, akanisahihisha mbele ya shule nzima, kwa lafudhi yake yote.

Usidhani naichukia televisheni. Ilinifundisha kusubiri, kutolirukia neno kabla ya wakati wake. Majuzi wamenipigia tena. Nikawaambia nitakuja, kwa mwili huu na mdomo huu, na nikifiwa naondoka. Wamesema watafikiria. Nilikata simu nikaenda kupalilia maharage, na nikajikuta naimba.

Sasa nikupe habari kubwa. Mwezi uliopita nilikuwa nasherehesha harusi, nikasimulia kile kichekesho chako cha bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi. Mama Elizabeti akasimama kule nyuma. "Umekikosea. Hicho ni changu, na bado hamjasikia mwisho wake." Akaja mbele, akachukua maiki, akamalizia. Mwalimu! Wazee walilia kwa kucheka. Kumbe miaka yote ile nusu ya vichekesho vyako vilipikwa jikoni kwake, na hukutuambia. Nilipomwuliza kwa nini hakuwahi kusema, alijibu, "Yeye alikuwa na koti, mimi nilikuwa na sufuria."

Kwa hiyo pumzika, Mwalimu wangu. Kaburi lako nimelipalilia mwenyewe na nimekuomba msamaha pale kwa sauti. Nakuahidi dawa zangu nitazimeza hata siku ninayojisikia mzima kama wewe. Na nakuahidi kwamba kila kichekesho cha Mama Elizabeti nitakachosema, nitamtaja kwa jina.

Kwaheri. Jumamosi tuna harusi Endasak, na bango limeshabandikwa. Jina lake ndilo la kwanza. Mimi niko chini, kwa herufi ndogo.

Martina