Masale ya Mpaka wa Sadoki

Themi, Arusha
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mdogo wangu Aikaeli,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mama Godbless na wote walioko hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwa baba. Nataraji ukungu wa Juni haujalikaza lile goti lako la kushoto, na kwamba ng'ombe mwekundu amezaa salama. Huku Themi mwanangu na mkewe Nice hawajambo. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu ambaye moyo wake, kwa maneno ya daktari, umechoka kusukuma. Miguu imevimba, nalala nikiwa nimeketi, na kutoka kitandani hadi dirishani ni safari yenye kituo cha kupumzika katikati. Akili ingali inafanya kazi. Mkono unatetemeka, basi usiucheke mwandiko. Mwalimu aliyekuchapa kwa kuandika ovyo sasa anaandika kama kuku aliyetoka matopeni.

Anayekuletea barua hii anaitwa Lemomo, dereva wa bajaji wa Sombetini. Mpe chai. Kisha kaa peke yako uisome hadi mwisho, leo hiihii, kabla ya Alhamisi, siku ambayo wapimaji watasimika mawe ya mpaka kati ya shamba letu na la mjane Penina. Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu pumzi yangu huisha kabla ya sentensi, nami najijua, ningeifanya pumzi kuwa kisingizio cha kunyamaza.

Unakumbuka ulivyonipigia mwezi uliopita. Ulisema Penina amepeleka malalamiko kwenye kamati, na kwamba katika wote waliokuwapo masale, ile mimea yetu ya mpaka, yalipopandwa nimebaki mimi tu. Ulitaka niape mbele ya wakili kwamba mpaka ni huu uliopo leo. Ulisema pia kwamba bibi yule atazikwa na malalamiko yake mkononi kama leso. Nilicheka pamoja nawe, nikakuahidi kiapo.

Jumatano ya tarehe 28 Mei nikaenda. Wakili niliyemtafuta ana chumba chake Sakina, ng'ambo ya barabara ya Nairobi. Nice alitaka kunisindikiza nikamkatalia, nikamwambia sijawa mzigo bado. Nilibeba mfuko wangu wa kitambaa cha kaki, ule wa siku za shule. Ndani mlikuwa na miwani, kitambulisho, andazi moja la njiani, na karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo sikuikusudia kumwonyesha wakili. Niliichukua kwa kuogopa kuiacha chumbani ambamo Nice hufagia, na nilikusudia kuichoma nikishaapa.

Sikufika. Nilishuka kwenye gari, nikapiga hatua kumi hivi kando ya mafundi wa matairi, kifua kikabana kama mtu amenikalia. Niliona barabara ikiinuka kunijia usoni. Kilichofuata nakikumbuka vipandevipande. Kulikuwa na mikono mingi. Fundi mmoja alivua koti lake lenye grisi akanilaza juu yake. Mwanamke wa Kiarusha muuza maziwa alikiweka kichwa changu mapajani, akanipepea kwa mfuniko wa ndoo, akiwagombeza watu wasininyime hewa. Mtu akasema babu asife hapa jamani, Sakina vumbi litamzika kabla mchungaji hajafika, na watu wakacheka, nami, amini usiamini, nilitaka kucheka. Kisha nikabebwa hadi kwenye bajaji ya huyu Lemomo, na muuza maziwa akapanda pamoja nami, akaiacha ndoo yake barabarani chini ya ulinzi wa watu asiowajua. Sikuwa na nguvu ya kusema ila neno moja, nalo lilikuwa mfuko. Nililirudia mpaka hospitali.

Nilipozinduka wodini mfuko haukuwapo.

Aikaeli, wewe unanijua. Unajua ninavyohesabu mikungu ya ndizi shambani, na jinsi ulivyonitania kwamba siku moja nitatia kufuli hata choo. Kwa zaidi ya miaka arobaini sikumwazima jirani jembe. Nikipewa mkono kanisani nilijiuliza mkono wa pili unafanya nini. Basi nilipoambiwa mfuko haupo, ungetegemea nilalamike. Sikulalamika. Nililala chali nikitazama dari nikamshukuru mwizi. Nilijiambia karatasi sasa imefungiwa karanga mahali fulani Sakina, na Mungu mwenyewe ameniondolea kazi ya kuichoma. Nilikuwa nimebakiza kuapa tu.

Siku tatu nililala pale. Wa kitanda cha jirani alikuwa na binti aliyemletea uji, naye kila asubuhi alimimina kikombe cha pili akanipa mimi, bila kuuliza mimi ni nani, na mkono ulipotetemeka alinishikia kikombe. Nilikunywa, lakini nilimwuliza Nice binti yule anataka nini. Nice akasema labda anataka ninywe uji.

Nikarudishwa nyumbani. Nilikuwa nimepanga wakili aletwe hapa Ijumaa iliyopita. Alhamisi mchana simu ya Nice ikalia, nikamsikia akiuliza mfuko gani, mfuko wa kaki, ndiyo, ni wa baba. Moyo uliruka pigo moja nikadhani ndiyo safari. Nikampungia Nice mkono, nikamnong'oneza aseme amekosea namba. Nice hakunielewa, au alinielewa akakataa. Akawaelekeza njia mpaka mlangoni.

Walikuja wawili, Lemomo na yule muuza maziwa. Anaitwa Resiato. Nilijua hapo jinsi walivyonipata. Wakati wa purukushani mfuko ulisukumwa chini ya benchi la mafundi, ukaonekana kesho yake. Resiato hakusoma, na hakutaka kumpa mtu yeyote autafutie mwenyewe, akihofia usifike. Jumapili akaenda nao hospitali kwa miguu, akaambiwa nimeshatoka. Ndipo Lemomo akaona kwamba ndani ya kasha la miwani Nice ameandika namba yake ya simu, ila tarakimu ya mwisho ilikuwa imefutika. Basi Lemomo akapiga zote, akianzia sifuri. Mmoja alimtukana, mwingine alimwita tapeli, wa tatu akataka kuchumbiwa. Walimpata Nice kwenye saba. Lemomo alisema kama ningezidi kujificha angeoa yule wa tatu.

Resiato hakutaka kukaa mpaka nihakiki vitu vyangu mbele ya macho yake. Alisema kwao kitu kilichookotwa hakikabidhiwi kikiwa kimefungwa. Nikatoa miwani. Nikatoa kitambulisho. Nikatoa andazi, nikashangaa, kwa sababu lilikuwa laini, la siku hiyo. Akaona ninavyolitazama, akaona haya. Akaeleza kwamba langu liliota ukungu, akalitupa, akanunua lingine ili nisiseme mfuko umepungua.

Nilikaa na lile andazi mkononi, mdogo wangu. Nilikuwa nimemsubiri mwizi kwa moyo wote, na mwizi hakuja.

Ikabaki karatasi. Aliniambia niikunjue nayo nione kama haikuchanika. Nikaikunjua. Akauliza alama za vidole tisa pale chini ni za nani. Nikamjibu ni wazee wa kwetu. Akauliza wako wapi. Nikasema wote wamekufa. Akasema basi ni vizuri hakuitupa pamoja na andazi.

Walipoondoka nilimwambia Nice asimwite wakili. Sasa nakuambia karatasi ile ni nini.

Ni ramani ya mpaka. Niliichora mwenyewe mwaka 1974, siku wazee walipomaliza ugomvi wa baba na baba yake Sadoki, marehemu mume wa Penina, wakapanda masale kumi na tisa kutoka kwenye jiwe jeupe la mferejini hadi barabarani. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, nikaombwa nipime na kuchora. Wazee wakatia vidole. Karatasi ile ndiyo niliyowaambia baadaye kwamba imeliwa na mchwa.

Mwaka 1981 wewe ulikuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Sadoki alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, miezi minane, na Penina alikuwa mke mgeni mwenye mtoto mgongoni. Jumapili tatu mfululizo nilisema nina homa. Watu wakiwa kanisani, wakipandishiana bei kwenye mnada wa ndizi na mayai ya sadaka, nilisikia vicheko vyao toka shambani, nami nikang'oa masale kumi na tisa na kuyapanda upya hatua ishirini na mbili ndani ya shamba la mgonjwa. Wajua sale halina ubishi, ukilichomeka tu linashika. Mvua za masika zilipokwisha yalisimama kana kwamba babu ndiye aliyeyapanda. Hapakuwa na njaa nyumbani. Nilipenda kahawa yake iliyokaribia maji, na nilijua hakuna atakayemwamini mtu mwingine dhidi ya mwalimu.

Penina aliona. Alisema. Wazee wakamwuliza ameolewa lini hata ajue masale yetu. Sadoki aliporudi, mwembamba kama ufito, aliomba ramani, nikajibu habari ya mchwa. Ndipo alipofanya alilofanya. Aling'oa masale mawili mbele ya watu. Wewe ulikuwa umesharudi, ulikuwapo, na ni wewe uliyemshika mikono, kwa nia njema, kwa sababu kwetu anayeng'oa sale la mpaka amewatukana hata waliokufa. Akatozwa kondoo, akaitwa Mng'oa-masale mpaka anakufa. Watoto wake waliitwa hivyo shuleni, darasani kwangu, nami nilisikia nikaendelea kuandika ubaoni.

Sadoki hakung'oa mpaka wa mtu. Aliyeng'oa ni mimi, mara kumi na tisa.

Tangu hapo nikaanza kufunga milango. Niliwaza kwamba kama mimi, msomi na mzee wa kanisa, nimeweza, basi wote wanaweza, na wanangoja Jumapili yao tu. Wazo hilo lilinifaa. Ulimwengu ukiwa wa wezi, mwizi ni mtu wa kawaida. Nimeliishi hadi uzeeni, likanivunjikia Sakina, katika mapaja ya mtu aliyeacha ndoo yake ya maziwa barabarani. Ndoo yenyewe, nilipouliza, aliikuta palepale, na mafundi walikuwa wamemuuzia maziwa yote.

Najua ninachokuondolea. Kahawa yote iliyo chini ya njia. Mparachichi wa mama Godbless. Na najua msingi wa nyumba ya Godbless umeingia ndani ya zile hatua ishirini na mbili, na kwamba kijana ameshabeba mawe yake mwenyewe kutoka mtoni. Wewe hukuiba kitu. Umelima ulichokikuta, ukaapa ulichokiamini, na mimi ndiye niliyekutia kiapo hicho mdomoni. Ukitaka kunilaani, laani, nitakuwa nimestahili. Ila Alhamisi wapimaji wakimimina zege mahali masale yalipo leo, uongo wangu utapewa hati, na Penina ataendelea kuzunguka kwa njia ya kanisani kufuata maji ambayo yanapita kwenye shamba lake. Mwanamke ana miaka zaidi ya sabini. Amezunguka hivyo tangu mtoto wake akiwa mgongoni.

Sasa nikuambie jambo la mwisho, nalo litakuuma kuliko yote. Ramani haimo katika bahasha hii. Usiitafute. Nimempa Resiato, naye amepanda bajaji moja na Lemomo, akashuka hapo chini kwenye daraja, na unaposoma maneno haya yuko njiani kwa Penina, au ameshafika. Anazo karatasi mbili, ramani na ungamo langu, lililotiwa sahihi mbele ya mchungaji na Nice. Ningeweza kukutumia wewe uzipeleke. Niliwaza usiku na mchana. Wewe ni mtu mwema kuliko mimi, lakini una msingi wa nyumba ya mwanao machoni, na mimi najua karatasi hufanywa nini na mtu mwenye kitu cha kupoteza. Basi nikampa yule aliyekwisha kuibeba siku nane bila kuipunguza. Nisamehe kwamba nilimwamini mgeni kabla yako. Ni dhambi yangu ya mwisho kwako, na sioni namna ya kuiepuka.

Nakuomba Alhamisi usimame kwenye jiwe jeupe, lipo bado chini ya magugu, uhesabu hatua na wapimaji wakuone unahesabu. Nakuomba umwite Sadoki kwa jina lake mbele ya watu. Godbless mwambie nina mawe yangu uwanjani huku Themi, yaliyobaki tulipojenga, ni yake, aje na gari ayachukue aanze msingi mwingine upande wa juu. Mwanangu amekubali.

Nisalimie mama Godbless, mwambie nausikitikia mparachichi wake. Wasalimie wanakwaya wa zamani kama wapo waliobaki. Ukishaisoma peke yako, mpe Godbless akusomee kwa sauti sehemu ulizoshindwa. Nisipoiona Krismasi, nizikeni hapo kihambani, upande wowote ulio wetu kweli.

Katika bahasha utakuta jani la sale. Nimelikata mwenyewe kwenye ua wa Nice, ilinichukua nusu saa kufika na kurudi. Penina amepelekewa lake. Unajua kwetu sale likiletwa kuomba msamaha halirudishwi, hata na mwenye haki ya kulirudisha. Nimelitumia vibaya maisha yangu yote. Mara hii nalileta kama wazee walivyolileta.

Ni mimi kaka yako,

Mwalimu Sifael