Unga wa Vigae

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kitale sisi wazima, na babu yako amemaliza kupukuchua mahindi. Mimi natafuna upande mmoja tangu meno yangu ya bandia yapasuke.

Umeuliza kwa nini plastiki unayoundia meno inavunjika hata ukitia unga wa vigae vya sakafu. Plastiki siijui. Lakini kule Naitiri, mama yangu mfinyanzi alikuwa akisaga vyungu vilivyovunjika, anatia kwenye udongo mpya ili uwe imara. Siku moja aliniachia kazi hiyo. Nikachoka, nikamwaga unga wa vigae hivyo kwenye udongo bila kuuchekecha, na chungu kikapasuka motoni. Mama hakunigombeza. Alinipa vipande vya chungu hicho na chekeche, akasema, "Sasa, hivi ndivyo vigae vyetu. Saga."

Chekecha unga wako, mjukuu wangu. Mimi nangoja meno.

Kukhu wako