Mwiko wa Bwawa la Kinole

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Mlali. Mama yako hajambo, kikohozi kimemwacha, na mahindi yameshika vizuri. Umeuliza kwa nini wanawake wa ukoo wetu hawaogelei katika bwawa la chini ya mwamba kule Kinole, maana kwa joto hili unataka kwenda huko na wenzako.

Sababu ni mimi.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Wanaume walipelekwa kulima barabara, hayo niyaache. Sisi wasichana tulishinda bwawani. Dada yangu Mwajuma aliruka kutoka juu ya mwamba, akazama, akaibukia ng'ambo, na wote wakamshangilia. Mimi nilisimama pembeni, maji magotini, nikiomba ateleze. Siku moja nikakimbia nyumbani, nikamwambia bibi yetu kwamba nimeona nyoka mwenye uso wa mtu akimfuata Mwajuma majini. Jioni ile wazee wakapiga marufuku.

Mwajuma hakubisha. Kesho yake alinipeleka mtoni kwenye maji mafupi, akanishika tumbo, akanifundisha kuelea. Sikumwambia kitu, mpaka leo.

Hakuna nyoka, Zuhura. Nenda, umpitie bibi yako Mwajuma, umsomee barua hii kabla hamjaingia majini. Mimi msinisubiri. Amezeeka, lakini najua bado ananishinda kuogelea, na sitaki kumwona akiruka.

Ni mimi bibi yako,
Tatu