Vidonge vya Mama

Jumanne, baada ya isha

Simsamehe. Leo Mama kanipeleka Tunguu, chuoni anakofundisha saikolojia ya afya, nimsikilize akieleza kwa nini watu hawamalizi dawa. Mbele ya ukumbi mzima akasema, "Hata binti yangu, yule pale, alikuwa akitema vidonge vya damu kwenye chungu cha mrehani."

Wakacheka. Kijana mmoja akanigeukia, "Ndo wewe wa mrehani?" Mimi hata kuitika siwezi mbele za watu.

Jioni kanituma miwani mkobani mwake. Nikakuta dawa zake za presha, pakiti nzima, haijafunguliwa! Juzi nilipomuuliza kama anazimeza alisema, "Nnajisikia mzima, mwanangu." Na mchana kafundisha kwamba wanaojisikia wazima ndio wanaoacha dawa.

Nilifurahi kweli. Kisha nikaogopa. Bibi alianguka jikoni kwa presha hiyo hiyo, na hakuinuka tena.

Kesho kwenye chai, mbele ya Baba, ntamwekea kidonge na maji. Ntamuuliza kwa ile sauti yake laini ya kazini, "Kitu gani kinakuzuia, Daktari?" Akishameza, afungue mdomo, ainue na ulimi.

Chungu cha mrehani nshakitoa nje.